Mrejesho: ile rampu kali ya jengo la ofisi ya umma

Wakuu, niliuliza kama rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) ambayo mama yangu hawezi kuipanda na wilichea bila kusukumwa na watu wawili inakubalika kwenye jengo la umma. Jibu ni hapana. Tuliipima na futi kamba, inapanda sentimita 60 ndani ya mita 3, yaani 1 kwa 5, wakati kiwango kinachotumika nchi nyingi ni 1 kwa 12, kwahiyo pale ilitakiwa mita 7.2 kabisa.

Meneja akasema nafasi hiyo haipo, nikamwambia rampu si lazima inyooke, inaweza kukata kona ilimradi pale kwenye kona pawe tambarare kama mita 1.5 kiti kigeuke, na vishikio pande zote mbili. Barua niliyowaandikia ilitaja pia kifungu cha 9 cha Mkataba wa UN wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, kinazitaka nchi ziondoe vizuizi kwenye majengo, na nadhani hicho ndicho kiliwashtua.

Wamekubali kuivunja na kujenga upya. Bado mlango wa juu unafungukia nje juu ya rampu, huo tunaufuatilia.