Mjadala: Dubwana tulibuni, lakini watu wanaolitukuza tuwavishe mila za nani?

Mwandishi wa Kisauni: Ndugu zangu, naandika hadithi ya kubuni. Kuna dubwana kubwa kama kilima, mwili mzima magamba mfano wa kakakuona, na watu waishio kando yake. Hawaliwindi. Hulipelekea maji, na gamba likianguka hujengea nyumba. Watu hao nimewapa mambo ya Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya: msitu usiokatwa mti, fingo, yaani kago la ulinzi, iliyofukiwa ardhini, wazee wenye amri. Rafiki yangu wa Rabai, Mmijikenda, amesoma, akanuna. Asema hayo si ya kuchezewa. Nyinyi mwaonaje?

Bint Makadara: Andika! Kule Tarascon, Ufaransa, wana dubwana lao lenye gamba la kobe na miguu sita, husemwa lilitiishwa na Mtakatifu Martha. Hadi leo hulitembeza mitaani, na UNESCO ililitambua 2005 pamoja na majitu ya maandamano ya Ubelgiji. Wao wajivunia, sisi kuguswa Kaya tu ni nongwa. Na tuseme kweli, Wamijikenda wenyewe si waliabudu vigango?

Mjukuu wa Kaya: Nani aliabudu vigango? Hapo umenichoma, dada. Kigango ni nguzo ya mti, ukumbusho wa mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki. Huchongwa, husimamishwa, roho yake ikapata pa kutulia. Malindi pale kuna makaburi ya kale ya Waislamu yenye nguzo ndefu. Kuna aliyewaambia nyinyi Waislamu kuwa mwaabudu nguzo?

Kijana wa Majengo: Vigango si ndivyo vilivyoibwa vikauzwa Marekani? Makumbusho fulani ya Denver yalikubali kurudisha kama 30 hivi, 2014 kama sikosei. Lakini waliong'oa ni vijana wa huku huku. Tuulizane sisi kwanza kabla ya kumkemea mwandishi.

Mjukuu wa Kaya: Vijana walipewa vijisenti, huko ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola. Usimpime mwenye njaa na tajiri kwa mizani moja.

Kijana wa Majengo: Njaa gani? Baba yangu alibeba magunia Kilindini mpaka mgongo ukapinda, na hakugusa kaburi la mtu. Usinifundishe njaa.

Shangazi wa Diani: Wanangu, taratibu. Mimi Mdigo, Mmijikenda pia, tena Mwislamu, na Kaya Kinondo naingia na kaniki kiunoni kama mgeni yeyote. Misitu hii iliandikwa Urithi wa Dunia 2008, na imesimama kwa sababu wazee waliilinda kwa miiko hata mashamba na mahoteli yalipoizunguka. Mwandishi akiichukua fingo akaiweka chini ya dubwana, mtoto wa Nairobi atakayesoma ataamini babu zetu walisujudia mnyama. Hilo ndilo linaloniuma.

Bint Makadara: Shangazi, kwa heshima yako, mtoto wa Nairobi ana akili zake. Na huyo ndugu aache kuniingiza makaburini. Nilitaja Kaya, sikutukana dini ya mtu.

Mvuvi wa Likoni: Mie nauliza, dubwana hula nini? Kwenye hadithi za bibi, Nunda alianza paka, akala mifugo, akala watu, na mwana wa Sultani aliyemuua akashangiliwa. Hakuna aliyempelekea maji! Watu hawatukuzi kitu bila sababu, na gamba la kujengea halitoshi. Tupe sababu, ndipo tugombane kuhusu Kaya.

Fundi wa Kongowea: Sababu ipo. Wasangu wa Tanzania walimtukuza kakakuona, na kumtukuza huko kulifika hadi kumtoa sadaka. Kumheshimu na kumuua vyaweza kuwa kitu kimoja. Leo anauawa bila heshima yoyote, kwa magamba ambayo ni kama kucha zetu tu, na biashara ya kimataifa ilikwisha kupigwa marufuku 2016. Andika hilo, ndugu, hutahitaji fingo ya mtu.

Mwandishi wa Kisauni: La sadaka limenigusa. Lakini nikiiondoa fingo, watu wangu watabaki bila mizizi. Hivi nikiwapelekea wazee wa Rabai wasome kabla sijachapisha?

Kijana wa Majengo: Na wakikataa? Wazee ndio watuamulie tuandike nini?

Shangazi wa Diani: Kuwauliza si kuwapa kalamu, mwanangu.

Mjukuu wa Kaya: Bint, la nguzo za Malindi hujanijibu.