Nikigawana kodi ya nyumba na mke wangu, ushuru unapungua?

BabaNasra: Habarini wadau. Niko na nyumba mbili ndogo za kupangisha Bamburi, kila moja mpangaji analipa kodi ya elfu 20 kwa mwezi, hati iko kwa jina langu. Mimi nimeajiriwa, mshahara unakatwa PAYE (ushuru wa mshahara) kazini, mke wangu yuko nyumbani na watoto. Sasa kuna rafiki ananiambia ati tukigawana hiyo kodi nusu kwa nusu kila mtu anaangukia chini ya 288,000 kwa mwaka, KRA (watu wa ushuru) hawapati kitu. Ni kweli ama ni stori za barazani? Maana saa hii natoa ushuru wa 3,000 kila mwezi kabla ya tarehe 20 na inauma.

Mpiga_Hesabu: Huyo rafiki amekupa nusu ya stori ndugu yangu. Ile 7.5% unayotoa (ilikuwa 10% mpaka 2023 ikiisha) ni ushuru wa mwenye kodi ya kuanzia 288,000 mpaka milioni 15 kwa mwaka, inapigwa kwa pesa yote bila kutoa gharama na hapo umemaliza. Ukishuka chini ya hapo ile kodi inaingia kwa ritani yako ya mwaka pamoja na mshahara. Saa hii unalipa 36,000 kwa mwaka. Mkigawana, mkeo na 240,000 zake halipi kitu, ushuru wake wa asilimia 10, ile bendi ya chini kabisa, unamezwa wote na relifu (punguzo la ushuru la kila mtu) ya 2,400 kwa mwezi. Lakini wewe mwenye mshahara kama uko kwa bendi ya ushuru ya 30% hizo 240,000 zako zinakutoa 72,000, yaani umekimbia mvua ukaingia mtoni.

BabaNasra: Eish! Basi achukue yote yeye?

Mpiga_Hesabu: Akichukua yote ni 480,000, amerudi kwa 7.5%, ni 36,000 ile ile. Kugawana kunasaidia kama kuna loni ya benki, kwa ritani ya mwaka unatoa riba na ripea kwanza. Kwa hesabu yako gharama za nyumba zote mbili zipite 240,000 kwa mwaka ndo uanze kuona faida.

Mwanamtwapa: Na hati jamani mbona hamuongelei hati?? Jina likiwa lako peke yako kodi ni yako hata ukimtumia mama watoto yote kwa M-Pesa. Lazima aingie kwa hati kwanza, na mkiandikisha kwa hisa ndo kila mtu anadeklea fungu lake kwa PIN yake. Ukimhamishia mke ile CGT (ushuru wa faida ya kuuza mali) ya 15% haiwahusu, ila wakili lazima umlipe. Na akiingia ameingia baba, usije siku moja ukaambia korti ati lilikuwa jina la KRA tu. Kumpa mkeo sehemu ni jambo zuri, mpe kwa sababu ni mkeo, sio kwa sababu ya 3,000.

BabaNasra: Loni sina, nilijenga na pesa za chama pole pole miaka sita. Nimemsomea mke hizi komenti amecheka, anasema hati anaitaka, hesabu nibaki nazo mimi 😂 Na huyo rafiki nilimnunulia viazi karai kwa huo ushauri.