Mrejesho: Mayai ya ganda laini kwa kuku wa nyumbani

Wakuu, habari zenu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kuku wangu chotara wanaotaga mayai ya ganda laini, mengine yakipasukia kwenye kiota. Wengi mlisema ni upungufu wa kalsiamu, wachache mkahofia ugonjwa wa kideri (Newcastle).

Kideri siyo. Wanakula vizuri, hawakohoi, hawana kinyesi cha kijani, na chanjo wanapata. Shida ni chakula. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 hivi, lakini ukikichanganya na pumba na makombo ya ugali, kiwango kinashuka. Pumba nimezipunguza sana.

Kilichosaidia zaidi ni ule ushauri wa makombe ya baharini yaliyopondwa: punje kubwa, siyo unga, kwenye chombo chake pembeni, kila kuku ale kadiri anavyohitaji. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku kuku akiwa amelala. Punje kubwa hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole, hivyo kalsiamu inapatikana hadi alfajiri. Unga hupita upesi.

Na joto la Dar msilidharau. Kuku anayehema mchana kutwa hula kidogo, na ganda linakuwa jembamba hata chakula kikiwa kizuri. Nimeweka kivuli na maji baridi.

Mayai sasa ni magumu, isipokuwa ya tetea mmoja mzee. Huyo sikukuu haimpiti.