Mpambaji amelipaka sanduku la njumu la marehemu bibi yangu rangi nyeupe, na sasa anadai nimmalizie pesa zake

BintiWaWete (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Ninaandika nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, ndani ya ukumbi wangu mwenyewe, kwa sababu sina moyo wa kukaa juu ya kochi na kulitazama sanduku la marehemu bibi yangu likiwa jeupe kama jokofu. Sanduku la mbao za msaji, lenye droo tatu chini na njumu, yaani misumari ya shaba ya mapambo, mbele na ubavuni, limepigwa rangi ya mafuta inayong'aa, mikono miwili, mbao na shaba pamoja, bawaba na pete za kunyanyulia pamoja, mpaka tundu la ufunguo limezibwa. Na mtu aliyelipaka alisimama mbele yangu, akalivua shuka alilokuwa amelifunika kama mtu anayemfunua bibi harusi, akasema: "Sasa limeendana."

Kumtaja jina sina haja, kwani nyote mnamjua. Ni yule mpambaji wa nyumba mwenye tepu ya manjano kiunoni, ambaye hapa Unguja kutoka Malindi mpaka Mbweni hajauacha ukuta mmoja na rangi yake, na ambaye akiachiwa Forodhani usiku mmoja tu, kesho yake tutauziwa pweza weupe mpaka vijiti vyake.

Naomba mnielewe jinsi tulivyofika hapa. Mimi nimelelewa Wete, katika nyumba ambayo kila kidaka cha ukutani kilikuwa na bakuli lake la kauri, na katika macho yangu chumba kisicho na vitu ni chumba ambacho wenyewe wamehama. Mume wangu amekulia kwenye fleti za Michenzani, watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu, makabati juu ya makabati, na kwake yeye nafasi tupu ndiyo starehe. Tulipohamia Mkunazini, katika ukumbi wa kizamani wenye urefu wa mita saba na upana usiofika mita tatu, tulibishana miezi mitano. Wanaoishi Mji Mkongwe wanajua kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu vilijengwa kwa kipimo cha boriti ya mkoko, na boriti haiongezeki kwa kuombwa. Katika chumba kama hicho watu wawili wenye macho tofauti hawana pa kukimbiana.

Hatimaye tulipatana, na ninaona fahari kusema kwamba tulipatana vizuri. Ukuta wenye zidaka ulikuwa wangu, nipange mabakuli yangu, mrashi wa fedha na chetezo. Ukuta wa mkabala ulikuwa wake, uwe mtupu, na taa moja tu. Makochi alichagua yeye, ya chini, ya kijivu, yasiyo na ua wala nakshi; mito niliishona mimi kwa kitambaa cha kisutu. Sanduku la bibi lingekaa katikati, liwe ndiyo meza. Na neno hilo la kuliweka katikati halikutoka kwangu, lilitoka kwa mume wangu, ambaye alisema kwamba katika chumba kilichonyamaza anataka kiwepo kitu kimoja kinachozungumza. Tulimchorea mpambaji karatasi, na mahali pa sanduku niliandika kwa mkono wangu: LISIGUSWE.

Jumatano nilivuka kwenda Pemba kwenye harusi ya binti ya ami yangu. Mume wangu ana zamu za usiku, kwa hiyo alikwenda kulala kwa mama yake ili kuwapisha mafundi. Jumamosi alikuja kunipokea bandarini, tukapandisha ngazi pamoja, yeye amebeba kikapu cha halua ya Wete, na tukamkuta mpambaji anatungoja. Shuka likavuliwa. "Sasa limeendana."

Limeendana na nini? Bibi yangu alikuwa akizisugua njumu zile kwa ndimu na majivu kila ilipokaribia Idi, na mimi nilijifunza kuhesabu mpaka mia kwa kuzigusa moja moja kwa kidole. Sanduku lile aliletewa yeye alipoolewa, nguo zake za harusi zikiwa ndani, na ndani ya droo ya kati kuna droo nyingine ndogo ya siri ambayo mpaka leo inanukia udi. Leo droo haifunguki, kwa sababu rangi imeigandisha.

Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Chumbe. Lakini kilichonivunja zaidi ni mume wangu. Mtu huyu ambaye kwa miezi mitano alikuwa akiniomba nipunguze vitu aliweka kikapu chini, akapiga magoti mbele ya sanduku, akaanza kukwangua njumu moja kwa ukucha wake, bila kusema neno, na yule bwana amesimama nyuma yake anamwambia asiiharibu rangi kwa kuwa haijakauka vizuri.

Nusu ya malipo bado ninayo. Leo asubuhi amenitumia ujumbe akinikumbusha.

BiKiponda

Pole sana mwanangu, na Mwenyezi Mungu akupe subira, kwa sababu mimi binafsi nisingeliweza. Mtu huyo namjua kwa tepu yake hiyohiyo. Kwangu alikuja kwa ajili ya kutengeneza mahali pa televisheni, nikaenda kutia maji tu, niliporudi akawa amekwisha kuviziba zidaka vitano kwa saruji ili ukuta uwe "safi". Zidaka vitano! Mababu walihangaika na chokaa na patasi, na yeye alimaliza kabla birika halijachemka.

MtotoWaMichenzani

Dada, pole, lakini ukweli lazima usemwe. Umemkabidhi ufunguo mtu ambaye wewe mwenyewe unasema anapaka rangi mpaka pweza, kisha ukapanda boti ukaenda kula pilau siku tatu. Ulitegemea ukirudi umkute amelisomea sanduku Yasini? Vilevile nakuomba usiwaseme vibaya watu wa fleti. Nasi tuna macho.

BintiWaWete

Kaka, sijawasema vibaya, nimeolewa huko. Na ufunguo sikumkabidhi ili apake sanduku, nilimkabidhi ili apake ukuta mmoja. Karatasi ilikuwa na neno moja tu lililoandikwa kwa herufi kubwa, na ndilo hilo alilolivunja. Alisimama hapa, mahali hasa nilipokaa, akaniambia "Sasa limeendana" kwa uso wa mtu anayengoja kushukuriwa. Mtu aliyekosea huangalia chini. Yeye alinitazama machoni.

SeremalaMlandege

Bi mkubwa, kabla watu hawajaendelea kugombana, nakuomba kitu kimoja: mtu yeyote asiliguse sanduku hilo kwa msasa. Msasa utakwangua rangi, lakini utakwangua na vichwa vya njumu, na ukisha kuila shaba ile ya zamani hairudi. Rangi ya mafuta hutolewa kwa dawa ya kutolea rangi, inayopakwa sehemu ndogo ndogo kwa brashi, ikaachwa mpaka rangi ivimbe, kisha ikakwanguliwa kwa kijiti cha mbao na si kwa kisu. Kati ya njumu na njumu utatumia mswaki mkuukuu. Fungueni madirisha, kwa sababu dawa hiyo ina mvuke mkali, na vaeni glovu. Kazi ni ya wiki, lakini rangi ikiwa bado mbichi ni nafuu kuliko ikisha kukomaa, kwa hiyo msikawie. Tundu la ufunguo na droo ziacheni mwisho, na msilazimishe droo kwa bisibisi.

Msaji una mafuta yake wenyewe na rangi haiupendi sana, kwa hiyo inawezekana ikaachia kwa urahisi zaidi ya unavyodhani.

BintiWaWete

Ahsante sana fundi. Hili ndilo jibu la kwanza lililonifanya nivute pumzi. Mume wangu amekwenda Darajani kutafuta dawa hiyo sasa hivi.

ChokaaNaMatumbawe

Sanduku litapona, na mimi ninauliza habari ya ukuta. Huo ukuta "mtupu" wa shemegi umepakwa rangi gani? Kama ni rangi ya plastiki juu ya ukuta wa mawe na chokaa, basi mna msiba wa pili ambao bado haujafika. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, zinakunywa unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji au rangi isiyopumua, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya masika moja utaona ukuta unatoa unga mweupe na plasta inadondoka kwa mabamba. Mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado tunauvisha koti la mvua ukiwa umelowa. Ukuta wa namna hiyo hupakwa maji ya chokaa. Ni rahisi, ni nyeupe, na shemegi angelipata utupu wake bila kuuua ukuta.

BiKiponda

Mwanangu Chokaa, hayo ndiyo ninayoyasema kuhusu zidaka vyangu. Mahali alipoziba kwa saruji sasa pana alama tano za unyevu, kila moja na umbo la kidaka chake, kama mizimu inayodai nyumba yake. Ninataka kujua kama saruji hiyo inaweza kuvunjwa bila ukuta kuanguka.

ChokaaNaMatumbawe

Inaweza, kwa patasi ndogo na fundi asiye na haraka. Usikubali mtu aje na mashine ya kutetemesha ukuta.

JipsamuImenichosha

Mmeshughulika na kuta na masanduku, na hakuna aliyetazama juu. Mimi mke wangu alitaka dari la jipsamu lenye taa za rangi pembeni, na mimi nilitaka boriti zetu zibaki wazi, zipakwe weusi tu kama za kwa babu. Tukasema tugawane: nusu ya ukumbi jipsamu, nusu boriti. Fundi, ambaye naye mnamjua, alifunika zote akasema nusu kwa nusu haipendezi. Masika yalipofika paa likavuja, maji yakajikusanya juu ya jipsamu bila mtu kujua, na usiku mmoja dari likatua juu ya meza ya chakula kama mwavuli uliokatika. Ndipo nilipoziona boriti zangu tena.

MamaWaPachaChake

Heri yako wewe, dari limeanguka likaisha. Mume wangu amenunua kochi lenye umbo la herufi L. Mimi nilitaka viti viwili vya mbao na mikeka ya ukili, kwa sababu ukumbi wetu ni mwembamba kama wa mwenye uzi, lakini yeye alisema anataka mahali pa kunyoosha miguu. Kochi halikupita kwenye ngazi. Halikupita mlangoni. Vijana wanne walilipandisha kwa kamba kupitia dirishani, mtaa mzima umesimama chini unatoa maagizo, na walipolifikisha ndani ikadhihirika kwamba likikaa, mlango wa chumbani haufunguki. Sasa tunapita juu yake kwenda kulala.

MtotoWaMichenzani

Kupita juu ya kochi kwenda kulala! Mama wa Pacha, hii imezidi sanduku.

BintiWaWete

Haijazidi. Kochi linaweza kuuzwa. Dawa imepatikana, na tumejaribu kwenye pembe ya nyuma kama fundi alivyoelekeza. Njumu tatu zimetokea. Tatu. Mume wangu ameniita nizitazame kwa tochi. Bado naomba mnishauri kuhusu ile nusu ya malipo, kwa sababu ametuma ujumbe wa pili, na safari hii ameongeza picha ya sanduku langu likiwa jeupe, akiniomba ruhusa ya kuwaonesha wateja wengine.

SeremalaMlandege

Mama wa Pacha, kochi hilo lina mbao au chuma ndani? Kama fremu ni ya mbao, linaweza kukatwa kwenye kona likawa makochi mawili yaliyonyooka. Nimewahi kuyakata mawili ya namna hiyo Shangani.

MamaWaPachaChake

Mbao, fundi. Lakini baba pacha hataki kusikia neno kukatwa.

JipsamuImenichosha

Mwambie akatwe yeye miguu, maana ndiyo anayotaka kuinyoosha.

BiKiponda

Msimcheke mume wa mtu. Fundi, ukienda kwa Mama wa Pacha nakuomba upitie na kwangu, nina kiti cha marehemu mzee kimelegea mguu, na kama unamjua fundi wa patasi ndogo mje pamoja.

SeremalaMlandege

Insha'Allah Jumanne baada ya Alasiri, bibi. Mama wa Pacha, nipimie upana wa ngazi na urefu wa upande mrefu wa kochi, tena upime kwa tepu, si kwa shubiri.

MamaWaPachaChake

Nitapima usiku akilala. Lakini analala juu yake.