Vitabu vya Zuu

Mama Zuu: Shikamooni wakubwa, za jioni wote. Zuu jana kasoma neno zima peke yake!!

Shangazi: Marahaba. Weee! Neno gani?

Mama Zuu: Kaka. Kwanza alisema baba, maana kwenye nukta nundu, haya maandishi ya kupapasa ya wasioona, b na k zote ni nukta mbili za upande wa kushoto, ila za b zimefuatana na za k zimeacha nafasi katikati. Akarudisha kidole polepole akatulia pale, akasema "hapana mama hapa kuna shimo, ni kaka". Na Iddi kakaa naye ukurasa huohuo anausoma kwa macho, nimelia jamani

Mjomba: Mashallah. Huohuo kivipi?

Mama Zuu: Kitabu cha kawaida cha Iddi, nukta nimezichoma kwenye ile plastiki ngumu inayoonyesha, wanayoweka juu ya ripoti wakibaindi, nikaibandika juu ya ukurasa. Picha na maandishi yanaonekana, Zuu anapapasa. Nataka tufanye vingine vitano kabla shule hazijafunguliwa

Mjomba: Si simu siku hizi zinasoma zenyewe?

Mama Zuu: Mjomba hadithi za simu anasikiliza sana, sikatai. Ila juzi nilimuuliza neno "halafu" linaanza na herufi gani akasema a, maana humu ndani wote tunatamka alafu. Iddi h anaiona kila siku kwenye mabango, kwenye mifuko ya unga, Zuu ataikuta wapi kama hajawekewa kwenye kidole?

Mjomba: Nimekuelewa. Plastiki nanunua mimi kesho Kariakoo, sema ngapi

Babu: Hicho unachochomea mbona kama msharasi wangu wa viatu

Dada Neema: Babu umegusa penyewe! Louis Braille aliyebuni haya maandishi kule Ufaransa, baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya ngozi ya farasi, mtoto ana miaka 3 akachezea chombo cha kutobolea kikamchoma jicho, ugonjwa ukahamia na la pili akapofuka kabisa. 1824 ana miaka 15 tu kashapanga herufi zote kwa nukta sita

Babu: Masikini. Basi nitakuja kuchoma mimi, mkono umezoea

Mama Zuu: Karibu sana babu, ila unachoma kwa nyuma, unaanzia kulia kwenda kushoto, ukigeuza ndo inasomeka. Ukurasa wangu wa kwanza nilianzia kushoto ukatoka kinyume wote. Na acha mstari mmoja wazi kila mara, kidole chake bado kinateleza kwenda wa chini

Shangazi: Nina vipande vya vitenge na uzi mnene, nimtengenezee picha ya daladala?

Mama Zuu: Vipande nitavichukua vyote. Ila daladala ya uzi shangazi ni mistari tu kwake, hajawahi kuiona kwa mbali. Yeye anaijua kwa lile bomba analoshika na kitambaa cha siti, tubandike hivyo. Kwenye kuku tuweke unyoya. Mama, vile vitabu viwili vilivyo kwako visiwekewe kitu juu, nukta zinalala

Bibi: Nimeshavitoa chini ya cherehani mwanangu, nisamehe, vimesimama kabatini. Jumapili mleteni aje anisomee neno bibi

Mama Zuu: b anayo mama. i ina nukta mbili, moja imekaa upande wa kulia, bado hajaifikia. Tunaianza kesho asubuhi