Mjamzito akiombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa, akubali au akatae?

Mleta mada, Tabora mjini

Wakuu, heshima kwenu. Mama mjamzito amefika kliniki, anaombwa aingie kwenye utafiti wa dawa. Tumuunge mkono au tumwambie akimbie? Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema "mimba si ya kuchezea" na maongezi yanaishia hapo. Mimi nasema aingie, kwa masharti.

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 huku tunamwita njiti. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4 duniani, karibu mmoja kwa kila watoto kumi. Sababu ni nyingi, na mojawapo tunaishi nayo: malaria. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Tabora inaongoza nchi nzima. Kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 23 walikuwa na vimelea. Mwaka 2017 aliyeongoza alikuwa jirani yetu Kigoma, 24. Kwa mjamzito, vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asisikie homa hata kidogo huku mtoto tumboni anadumaa, akazaliwa mdogo au kabla ya siku zake.

Sasa angalieni dawa. Kwa miaka mingi mama mwenye mimba changa akiugua malaria alipewa kwinini siku saba, chungu, masikio yanavuma. Mume wake, kwa malaria hiyohiyo, alimeza dawa mseto siku tatu akarudi shambani. Majaribio ya wanyama yalikuwa yametia hofu juu ya mseto kwenye mimba changa, na kwa binadamu hakuna aliyethubutu kupima. Ikabidi watafiti wakusanye kumbukumbu za wanawake waliokwisha kuumeza kabla hawajajua kuwa ni wajawazito. Novemba 2022 ndipo WHO ikatamka kuwa mseto wa atemetha na lumefantrini utumike hata miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa hiyo anayesema mjamzito asijaribiwe ajue kwamba anajaribiwa kila siku kwenye zahanati na maduka ya dawa, ila hakuna anayeandika matokeo.

Kijana wa Mwisho wa Reli, Kigoma

Mkuu umeandika vizuri ila umeiruka thalidomaidi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakapewa kutuliza kichefuchefu. Hadi inaondolewa mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, wengine hawana kabisa. Hao ni Wazungu, wenye maabara. Sisi tunajilinda na nini? Dada yangu akiniuliza nitamwambia asisaini kitu.

Mleta mada

Thalidomaidi umenisaidia mimi. Watoto wale hawakuumia ndani ya utafiti. Dawa iliuzwa bila kupimwa ipasavyo usalama wake kwa wajawazito. Marekani iliponea kwa sababu Dk. Frances Kelsey wa mamlaka yao ya dawa aligoma kuisajili, akadai ushahidi zaidi. Ushahidi huo unapatikana wapi kama kila dada anaambiwa asisaini?

Mzee wa Ujiji

Vijana, salaam. Dawa sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kondo. Kwetu kondo la nyuma huzikwa, na anayelizika anajulikana. Watafiti wa malaria ya mimba wanataka kipande chake wakakiangalie kwenye hadubini. Mama ametoka leba, hana nguvu, anaambiwa limechukuliwa "kwa vipimo". Vipimo vya nani? Vinapelekwa wapi? Majibu yanarudi lini?

Halafu mnawacheka watu wakisema mumiani. Someni historia. Daktari Mjerumani Robert Koch alipojaribu atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, kwa wagonjwa wa malale kule visiwa vya Ssese, Uganda, 1906 na 1907, wapo waliopofuka. Baadaye Mwingereza akahamisha watu wa Uha na Unyamwezi vijiji kwa vijiji kwa sababu ya malale hayohayo. Huenda alikuwa na nia njema. Aliyehamishwa hakuulizwa.

Mkunga wa zahanati, Kasulu

Shikamoo mzee wangu. Habari ya kondo ni ya kweli, wala sikubishii. Utaratibu ni kwamba mama aelezwe kliniki, akiwa na akili zake zimetulia, kabla uchungu haujaanza. Na sampuli haitoki nchini bila kibali kinachopitia NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ambayo Tabora ina kituo chake. Akielezwa baada ya kujifungua, hapo hakuna ridhaa, na ana haki ya kulidai kondo lake.

Lakini mnabishana juu ya kusaini wakati mimi naogopa kitu kingine. Nisikilizeni kidogo, nitakuwa mrefu.

Ipo sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, deksamethasoni, anachomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati. Dawa za aina hii zilianzia kwa Graham Liggins wa New Zealand, aliyekuwa akichunguza kondoo; yeye na mwenzake Ross Howie wakatoa matokeo ya wanawake 1972. Ulaya na Marekani zikaja kuwa kawaida. Basi ikaonekana, kwa nini wa kwetu wasipate? Ukafanyika utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, wa kuipeleka mpaka ngazi za chini. Matokeo yalitoka 2015. Watoto wadogo kabisa, waliokusudiwa, hawakuokoka zaidi. Ukichukua watoto wote kwa pamoja, vifo viliongezeka, na akina mama walioshukiwa kupata maambukizi waliongezeka pia.

Miaka mitano baadaye ukaja mwingine, wa WHO, hospitalini, katika nchi tano, Kenya ikiwemo tena, wanawake 2,852. Safari hii umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumhudumia njiti. Vifo vya watoto vikawa asilimia 19.6 kwa waliopata sindano na 23.5 kwa wasiopata. Ukasimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana.

Sindano ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ilipochomwa, na kujua mimba ina wiki ngapi. Sasa njooni kwangu Kasulu. Mama anakuja hudhurio la kwanza mimba ina miezi mitano, sita. Namuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho, ananiambia "wakati wa kuvuna maharage". Napima tumbo kwa vidole na utepe. Mwenye malaria mtoto amedumaa, tumbo linaonekana dogo, nitaandika wiki 30 kumbe ni 35. Nikimchoma huyo, nimemchoma mtoto asiyehitaji.

Ndiyo maana wakija watafiti na fomu nzuri, mimi nauliza kwanza: ultrasaundi ipo, na mkimaliza inabaki? Wakiondoka nayo, matokeo yao hayatanisaidia kwa mgonjwa wa kesho yake.

Mwalimu, Nzega

Naunga mkono hoja ya nesi. Niongeze moja fupi. Katika nchi nne, jirani yetu Rwanda ikiwa mojawapo, wajawazito wapatao 3,200 waliingizwa kwenye utafiti. Wengine wakapewa majiko ya gesi, wengine wakaendelea na kuni. Kila mtu alitarajia watoto wa gesi wawe wazito zaidi. Matokeo ya 2022: uzito wa kuzaliwa haukupishana kwa maana yoyote. Gesi ina faida zake nyingine, sikatai. Ila tungebaki kubahatisha.

Mleta mada

Na SP je, vile vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria? Kenya, Malawi na Tanzania, wajawazito zaidi ya 4,600, walilinganisha SP yetu ya kliniki na dawa mpya zaidi. Ile mpya ilizuia malaria vizuri kuliko SP, ambayo vimelea wameshaizoea. Ungedhani imeshinda. Matokeo mabaya ya mimba yakawa machache kwa waliomeza SP! Ilitangazwa 2023, na SP ikabaki. Hapo nani angekisia?

Mama wawili, Urambo

Mmeongea sana wanaume, na nesi, asante dada. Huo utafiti wa SP kwa Tanzania ulifanyika mkoani Tanga. Malaria inaongoza Tabora na Kigoma, utafiti unakwenda Tanga kwenye lami na maabara. Mleta mada, hilo hukulisema.

Na tumbaku hakuna aliyeitaja. Urambo, Kaliua, Sikonge, mjamzito anachuma tumbaku mpaka mwezi wa nane wa mimba. Jani likiwa na umande, nikotini inapita kwenye ngozi bila yeye kuvuta hata sigara moja. Anapata kizunguzungu, anatapika. Akienda zahanati anaambiwa ni mimba hiyo, itapita. Jioni yuko banini, kwenye banda la kukaushia tumbaku, anachochea kuni. Tunaambiwa sigara inaleta njiti na watoto wadogo. Mimi nachuma jani mbichi kutwa nzima, mbona hakuna anayekuja na fomu yake kuniuliza?

Habari ya kusaini nayo. Mnasema ridhaa, ridhaa ya nani? Huku nesi anauliza "baba watoto anasemaje?" Mume akikataa, imekwisha, hata kama tumbo ni langu. Mume akikubali kwa sababu ya nauli na sabuni wanazotoa, nako imekwisha. Mimi sikatai utafiti. Nataka niulizwe mimi, na siku moja niulizwe swali langu.

Kijana wa Mwisho wa Reli

Mama, la tumbaku limeniingia. Lakini kampuni zinazonunua tumbaku zitakubali huo utafiti? Chama cha msingi kinaishi kwa tumbaku, halmashauri inakula ushuru wa tumbaku. Hapo mtafiti ataanzia kwa nani?

Mkunga wa zahanati, Kasulu

Anaweza kuanzia kliniki, kwa mwanamke mmoja mmoja, hahitaji ruhusa ya mnunuzi wa tumbaku. Mwaka 2021 ilithibitika kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kama njiti, akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri atulie kwanza, vifo vinashuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Watoto 3,211, Muhimbili wakiwemo. Pale hakuna dawa iliyouzwa, na bado pesa ya kuupima ilipatikana. Kwa hiyo la tumbaku linawezekana, likidaiwa.

Mleta mada

Mama wawili, nimekuelewa, masharti yangu sasa ni haya: ultrasaundi ibaki, mwanamke aulizwe peke yake kwanza, na majibu yarudi kijijini kwa Kiswahili. La tumbaku nitalipeleka kwa ninaowafahamu pale Kitete, hospitali yetu ya mkoa.

Mama wawili, Urambo

Peleka. Na uwaambie wakija, waje Februari tunapochuma na majani yamelowa. Wasije Agosti wakatukuta tumekaa, wakaandika kwamba hatuna tatizo.