Tupeane uzoefu: chokoleti ya kuchovya kwa wageni na watu wa nyumbani

Bi wa Kikwajuni
Assalaam aleikum jamani. Leo naomba tupeane uzoefu wa fondyu, ile chokoleti ya moto inayowekwa katikati, kila mtu na kijiti chake anachovya matunda. Jina ni la Kifaransa, maana yake kilichoyeyushwa. Waswisi wenyewe kwa asili wanachovya mkate kwenye jibini; hii ya chokoleti ilipata umaarufu miaka ya 1960 katika mkahawa wa Kiswisi mjini New York.

Naanza na langu. Sikukuu ya Idi walikuja mawifi zangu, nikataka kuwapa kitu kipya. Nikakatakata chokoleti nyeusi gramu 200, nikaweka bakuli la bati juu ya sufuria ya maji ya moto, ikayeyuka vizuri mno, inang'aa. Wageni wakachelewa. Nikaifunika isipoe. Nilipofunua, mvuke ulikuwa umeshafanya matone chini ya kifuniko, matatu manne yakadondokea ndani. Nikakoroga. Pale pale ikajikaza mwikoni, ikawa tonge la chembechembe kama udongo. Nikazidisha moto, ikazidi kukauka. Nikaitupa yote huku machozi yananilenga, mawifi wakala visheti.

Baadaye ndipo nikafahamu. Chokoleti ni kakao na sukari zilizosagwa laini, zimezama kwenye mafuta ya kakao, na maji hamna kabisa. Tone dogo likiingia linalowesha ile sukari, nayo inanata na kuvuta kakao. Dawa yake ni kuongeza majimaji: maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, unakoroga mpaka inalegea. Haing'ai tena kama mwanzo lakini kwa kuchovya inafaa sana. Ningelijua nisingeliitupa. Haya, nawasikiliza.

Mama wa Wete
Waaleikum salaam dada, pole sana. Mimi huku Pemba krimu siipati kila siku, kwa hiyo natumia tui, na sasa hata krimu nikiipata siitaki. Nakuna nazi mbili kubwa, nakamua kasimile kwa maji machache ya vuguvugu, nachuja kwa kitambaa safi. Robo tatu ya kikombe inatosha gramu 200 za chokoleti. Tui naliteleka peke yake kwenye moto mdogo, upawa hautoki mkononi, maana likichemka kwa pupa linakatika na mafuta yanaelea juu. Likianza kutoa vipovu ukingoni naepua, namimina juu ya chokoleti iliyokatwa vidogo vidogo, naiacha dakika 2 bila kuigusa. Ndipo nakoroga taratibu, naanzia katikati. Kwanza unaona kama imeharibika, tui huku na chokoleti kule. Usikate tamaa, endelea, ghafla inashikana na kuwa kitu kimoja. Chokoleti inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, joto la mwili tu linaiweza, kwa hiyo moto mkali wa nini?

Natia iliki punje tatu zilizotwangwa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na kitu cha kuchovya, jaribuni kaimati! Zipikeni kama kawaida ila msizitie shira. Mama mkwe wangu, ambaye vyakula vya kigeni havigusi, alichovya moja akanyamaza, kisha akavuta sinia karibu yake.

Kijana wa Jang'ombe
Someni karatasi ya chokoleti kabla ya kununua. Ikiandikwa mafuta ya mboga badala ya mafuta ya kakao, itayeyuka, lakini mdomoni inabaki kama nta. Pia mkifungua mkakuta vumbi jeupe juu, mara nyingi si ukungu. Chokoleti ilipata joto, mafuta yakapanda juu, ikaganda upya. Kwa hali ya hewa yetu ni jambo la kawaida. Iyeyusheni, weupe unapotea.

Bibi wa Chake
Nami niongeze, wanangu. Mapishi mengine ya Kizungu yanatiwa pombe. Iacheni, haipunguzi kitu. Mdalasini wetu unatosha. Na vile vitamu laini kama pamba wanavyovichovya watoto, vingi vina jelatini. Angalieni kama ni ya halali kabla hamjaviweka mezani.

Shangazi wa Mkunazini
Mimi nina wajukuu tisa, na mchovya asali hachovyi mara moja. Mara ya kwanza niliweka bakuli moja katikati ya mkeka. Huyu kachovya, kang'ata, kachovya tena. Mwengine ana mafua. Mdogo kabisa katia mkono mzima. Niliumia kwa sababu nilitaka wale pamoja kama tunavyokula sinia moja, lakini afya nayo lazima. Sasa kila mtoto namtilia chokoleti kwenye kikombe chake cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na vijiti vya mishikaki nimevikata ncha kali. Wanakaa duara vile vile, wanapokezana ndizi.

Matunda yakausheni. Nanasi nalikata mapema, nalitandaza juu ya kitambaa likauke kidogo, maana kipande chenye maji hakishiki chokoleti, inateleza yote. Ndizi kisukari ndiyo mfalme, haina ushindani. Embe boribo likiiva sana linakatika na kubaki bakulini. Shokishoki kwa watoto wadogo sishauri, kokwa ile inatisha.

Bi wa Kikwajuni
Ahsanteni mno, nimeandika yote. Ijumaa hii natengeneza ya kasimile, wageni ni mawifi wale wale. Swali moja, mama wa Wete: unaiwekaje iwe moto mpaka mwisho? Mshumaa wangu uliunguza chini.

Mama wa Wete
Mshumaa wa nini, dada. Tumia chungu kidogo cha udongo. Kijaze maji ya moto dakika 10, mwaga, kikaushe, ndiyo utie chokoleti. Udongo unashika joto muda mrefu. Kikipoa, kikalishe ndani ya bakuli pana lenye maji ya moto, yasifike ukingoni. Na usiogope tone moja likirukia: hii ya tui ina majimaji ya kutosha tayari, inayogoma ni chokoleti tupu. Itakayobaki itie kwenye friji usiku huo huo, tui halilali nje. Asubuhi ipashe moto kidogo kidogo, wape watoto na mkate wa kumimina.